Lisi Zilizokataa Kuinuka

Shamba zima la maua lilimwita Mama Kitalu, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Miaka kumi na minne aliinamia trei za miche, mgongo ukazoea kupinda, hata akisimama kituoni kungoja gari alionekana kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Waridi zimepita mikononi mwake, alizeti za mapambo zimepita, na mimea mingine mingi ambayo majina yake alishayasahau. Hakuna uliowahi kumshinda.

Kisha ikaja lisi.

Mbegu zililetwa na Tajiri, ndivyo walivyomwita mwenye shamba. Jina kwenye pakiti lilikuwa refu la kukunja ulimi, wafanyakazi wakalikata wakabaki na kipande cha mwanzo. Ua lenyewe kwenye picha lilikuwa la zambarau, petali laini zilizokunjana kama kitambaa cha hariri, na likishakatwa hukaa kwenye chombo wiki mbili bila kunyauka. Mnunuzi mmoja wa mjini, anayepamba kumbi za harusi, alikuwa ameshasema atachukua mavuno yote ya kwanza. Karatasi ya maelezo ilisema mmea huu ni wa ukoo wa jenshiani, ukoo unaojulikana kwa uchungu, ambao mizizi ya baadhi yake huchemshwa dawa ya tumbo. Mama Kitalu hakuwa mtu wa kuamini karatasi hivihivi. Miche ilipopata majani alikata kipande cha jani moja akakitafuna, akakitema upesi.

"Hii hata kwinini ingeiamkia shikamoo," akasema.

Mbegu zilikuwa vumbi. Kiwandani walikuwa wamezivika udongo mweupe, moja moja, zikawa kama chembe za sukari ili mkono wa mtu uweze kuzikamata. Hazifukiwi. Huwekwa juu ya udongo zione mwanga, zikanyunyiziwa maji mepesi kama ukungu, kisha unangoja. Siku kumi na mbili ndipo kijani kikajitokeza, na hata miezi miwili ilipotimia mche haukuwa umezidi ukucha wa kidole gumba. Ni mmea usio na haraka na mtu, tena una masharti kama mgonjwa aliyelazwa. Maji yakizidi unaoza, yakipungua unasinyaa. Na joto likipanda sana wakati ungali mchanga, unaweka kinyongo. Haufi. Unabaki hai, majani yamelala chini yakajipanga duara kama sahani, na shina halitoki. Pasipo shina hakuna ua.

Sharti hilo la joto Mama Kitalu alilisoma mara tatu, akalipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Nyumba ya miche ilikuwa ya plastiki. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa makaratasi mazito yenye matundu, yanayotiririshiwa maji, na upande wa pili feni mbili kubwa zilizovuta hewa ipite kwenye unyevu huo. Feni zikizunguka, kipimajoto kilisimama kwenye ishirini na nne, kimetulia. Shida ni kwamba umeme ulikuwa unakatika kila siku kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja. Kwa sababu hiyo Tajiri alinunua jenereta mpya wiki ileile zilipofika mbegu, akaikabidhi kwa meneja.

Na meneja alikuwa shemeji yake Mama Kitalu, mdogo wa mumewe, tumbo moja.

Hapo ndipo palipomchoma zaidi, maana aliyemleta shambani alikuwa yeye mwenyewe. Kijana alikaa miaka miwili na cheti chake cha uongozi, akilala kwenye kochi la mama yake, na kila Mama Kitalu alipokwenda kumsalimu mama mkwe aliulizwa swali lilelile: "Huko kwenu, mwanangu, hakuna hata kazi ya kufagia?" Akambembeleza Tajiri, kijana akaingizwa kuhesabu maboksi. Mwaka haukuisha akawa meneja, kwa sababu alijua kuongea na wageni na shati lake lilikuwa limenyooka kwa pasi hata Jumamosi. Hakuwa mtu mbaya. Kasoro yake ilikuwa moja tu, alipenda kusifiwa kuliko kula.

Mwezi wa kwanza wa ile jenereta, dizeli ilitumika kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Tajiri akamshika bega mbele ya wafanyakazi wote, akasema mashine hii haina ulafi na meneja huyu ana akili. Ulafi wa mashine hausikiki ikiwa imezimwa. Kila siku kuanzia saa saba mpaka saa kumi, jua likiwa la utosi, shemeji alikuwa anaizima.

Siku ya kwanza alipogundua, Mama Kitalu alikuwa ameshika kipimajoto mkononi. Kilisoma thelathini na tano. Alikwenda nacho hadi ofisini.

"Shemeji, feni zimezimika."

"Nimezizima mimi. Kaa basi, mbona unahema hivyo?" Shemeji akamsogezea kiti.

"Sikai. Miche inaungua kule."

"Inaungua? Nimepita asubuhi nimeikuta kijani kabisa."

"Haiungui kwa kuonekana. Hii ikipata joto sasa, utakuja kuyaona majibu baada ya miezi. Imeandikwa kwenye karatasi, nilikupa."

"Shemeji, mimea ni mimea. Inapenda jua. Saa tatu tu za mchana, halafu narudisha."

"Saa tatu kila siku kwa wiki tisa. Hebu zijumlishe."

Shemeji alicheka, kicheko cha mtu anayemtuliza mtoto. "Wewe ni fundi wa miche, nakubali. Lakini shamba lina mambo mengi huyaoni ukiwa kule chini. Tuheshimiane kazini, tusije tukagombana nyumbani."

Mama Kitalu alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mashine akawasha mwenyewe. Kesho yake mlango ulikuwa na kufuli.

Akabaki kupambana kwa mikono. Yeye na mbeba trei mmoja waliyemwita Mrefu walitandaza magunia makuukuu juu ya paa la plastiki, wakamwagia sakafu maji, wakayamwaga tena yalipokauka. Kipimajoto kilishuka mpaka thelathini na moja, kikagoma hapo. Kila siku saa nane mchana aliandika joto la siku hiyo kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, namba kubwakubwa, ili yeyote apitaye aone. Alhamisi moja Tajiri alikuwa anakuja na wageni. Mama Kitalu alikwenda kuchota maji, akarudi, akakuta ubao umefutwa kwa kitambaa chenye maji, unang'aa.

"Wageni wakiona manamba yale watadhani tuna shida," shemeji alimwambia.

"Tuna shida."

"Ndiyo hayo sasa, shemeji. Kila kitu kwako shida."

Jioni ile alimwaga yote kwa mumewe. Mume alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache, ambaye akiulizwa hali ya hewa hutoka kwanza nje kuangalia. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi, chai ikapoa.

"Nikimsema, nitakuwa nimeingilia kazi yenu," alisema. "Nisipomsema, nimekuacha peke yako."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui."

"Hujui! Mume mzima unaniambia hujui!" Aliinuka akaanza kuosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa, akiyasugua mpaka mumewe akatoka kimyakimya akaenda kukaa barazani.

Jumapili mama mkwe akamwita. Habari zilikuwa zimeshafika, na zilifika zikiwa zimevaa nguo za shemeji.

"Nasikia unavutana na mdogo wako kazini," mama mkwe alisema, akimmiminia chai. "Sikiliza, mwanangu. Yule ndiyo kwanza ameanza kuinua kichwa. Miaka miwili nilikuwa namsikia akigeukageuka kwenye lile kochi. Usinirudishie mtoto kwenye kochi. Nakuomba, usimseme kwa Tajiri."

"Mama, si suala la kumsema. Ni miche..."

"Miche itaota mingine. Nimekuomba."

Alisema, "Sawa, Mama."

Wiki ya tisa ilipotimia wakahamisha miche kwenye nyumba kubwa ya plastiki, ya kukuzia maua. Trei arobaini za akiba zikabaki kitaluni, kama kawaida, za kuzibia mapengo. Hapakuwa na pengo hata moja. Kila mche ulishika. Majani yakanenepa, yakawa na rangi ile ya kijani inayoelekea majivu, yanang'aa, yana afya ya kutamanisha. Na yalilala. Wiki ya tatu yamelala. Wiki ya tano yamelala. Nyumba nzima, mstari kwa mstari, sahani za kijani zimetandikwa chini kama za karamu ambayo wapishi hawajafika.

"Mama Kitalu, tuchume leo tukapike?" wafanyakazi walimtania. "Kabichi za kitajiri hizi."

Mwanzo alicheka nao. Baadaye alishindwa. Akawa anafika kabla ya wenzake, anachuchumaa, anafunua majani kwa vidole viwili kutafuta shina katikati, hata la urefu wa punje ya mchele. Hakuna. Anahamia mche mwingine. Hakuna. Asubuhi moja Mrefu alimkuta anausemesha: "Simama basi. Nimekukosea nini mimi? Aliyekukosea ananukia manukato kule ofisini. Simama, mama." Mrefu akarudi nyuma taratibu, akajifanya ndiyo kwanza anaingia, akikohoa.

Wiki ya tisa baada ya kuhamisha, Tajiri alikuja. Kwa hesabu ya karatasi, maua yalipaswa kuwa yanakaribia kukatwa. Alitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine, mikono nyuma, wafanyakazi wakimfuata kama watu wa mazishini.

"Nini hiki?" akauliza.

Shemeji alikohoa. "Tumelichunguza sana, bosi. Inaonekana mbegu hazikuwa nzuri. Na pia..." aliangalia pembeni, "pia kitaluni walichelewa kidogo kuhamisha. Mizizi ikabanwa."

Mama Kitalu alihisi masikio yanapata moto. Miche ilihamishwa siku ileile iliyoandikwa, yeye mwenyewe aliihesabu kwenye kalenda. Watu wote walimgeukia. Alimtazama shemeji yake, shemeji akaitazama kalamu yake. Akamkumbuka mama mkwe na birika lake la chai. Akafunga mdomo. Miaka kumi na minne ya sifa njema, na alisimama pale kama mwanafunzi aliyekutwa na daftari tupu.

"Basi," Tajiri alisema. "Kesho ng'oeni zote. Tupande alizeti."

"Usizing'oe zote!"

Sauti ilimtoka kabla hajaipa ruhusa. Tajiri akageuka.

"Hizi za nyumba kubwa, haya, zing'olewe. Lakini kitaluni nina trei arobaini, ziko hivihivi zimelala. Mmea huu ukilala kwa joto huweza kuamshwa kwa baridi. Nipe kile chumba cha baridi cha zamani. Digrii kumi na mbili, na taa za kuwaka mchana kutwa. Wiki tano."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa nitazibeba mwenyewe nikazimwage, trei kwa trei."

Tajiri alikuna kidevu. Alikuwa anamfahamu kwa miaka yote hiyo na hakuwahi kumsikia akipaza sauti. "Mumeo si fundi umeme? Aje Jumamosi afunge taa."

Jumamosi mume alikuja na ngazi yake. Alifunga taa asubuhi yote, mkewe akimpokeza nyaya. Tajiri alipopita alimuuliza kama jenereta itaubeba mzigo wa chumba hicho umeme ukikatika. Fundi akasema hawezi kujibu kabla ya kuiona. Shemeji akaleta ufunguo, wakaingia wanne chumba cha mashine.

Fundi aliinama, akafuta vumbi kwenye kioo kidogo ubavuni mwa jenereta, akasoma taratibu.

"Mashine bado mpya kabisa hii. Mita inasema imefanya kazi saa mia mbili hamsini na mbili. Mliinunua mwezi huu?"

"Mwezi huu wapi!" Tajiri alisema. "Huu ni mwezi wa tano."

"Na umeme huku unakatika saa ngapi kwa siku?"

"Saa tano. Kila siku."

Midomo ya fundi ilitikisika kwa hesabu. "Basi ilipaswa iwe imepita mia sita. Labda mita mbovu." Akawasha jenereta, akasimama na saa yake mkononi akiitazama ile mita, akazima. "Hapana, mita nzima."

Mlango ulikuwa wazi na walisikia huko nje mtu anaburuta mpira wa maji. Tajiri alimtazama meneja wake kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono, na shemeji akaweka ufunguo kwenye kiganja hicho. Tajiri akaupitisha kwa Mama Kitalu.

"Kumbe hukuwa na akili," Tajiri alimwambia shemeji. "Ulikuwa na swichi." Halafu akamgeukia Mama Kitalu, na uso wake ulikuwa wa lawama. "Na wewe, mbona hukuniambia?"

"Niliandika kwenye ubao," Mama Kitalu akasema.

"Sikuuona."

Hayo ndiyo aliyoyapata, na zaidi ya hayo hakupata. Hakuna aliyesema pole, wala aliyesema ulikuwa sahihi. Shemeji alihamishiwa upande wa kupakia magari, mshahara uleule, shati lilelile la pasi.

Njiani kurudi nyumbani, mume akiwa na ngazi begani, Mama Kitalu alimuuliza, "Ulikuwa hujui unachokisoma, au ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini basi hukusema siku zote hizo?"

"Siku zote hizo nilikuwa sina mita. Nilikuwa na maneno yako na maneno yake." Alihamisha ngazi bega la pili. "Nimemkaanga mdogo wangu leo. Usinifanye niongee zaidi."

Hakumfanya aongee. Akampokea mkoba wa vifaa wakatembea.

Mama mkwe hakutaka kusikia habari ya mita. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi kama maji. "Ulimtuma mumeo," alisema kwenye simu. "Uliniahidi hutasema, ukamtuma mwingine aseme." Akakata. Mama Kitalu akabaki na simu sikioni, akimjibu kwa ufasaha mkubwa mtu ambaye hayupo tena.

Wiki tano aliingia kwenye chumba cha baridi amevaa sweta mbili na koti kuukuu la mumewe, pua ikimtiririka, akinyunyiza maji kwa kipimo cha dawa. Kisha trei zikatolewa, miche ikapandwa mstari mmoja mwishoni mwa nyumba kubwa, nyuma ya alizeti. Siku ya kumi na tisa alifunua majani kwa vidole viwili. Katikati palikuwa na kitu kimesimama, kijani, kifupi kama kichwa cha kiberiti.

Hakumwita mtu. Alikaa chini kwenye udongo uliolowa, gauni likalowa, akakitazama mpaka kengele ya saa mbili ikalia.

Theluthi mbili ziliamka. Zilizobaki ziligoma mpaka mwisho na akazing'oa kama alivyoahidi. Lakini zilipochanua maua, ule mstari mmoja, zambarau tupu, watu walikuwa wanapita njia ya mbali makusudi ili waone. Mnunuzi wa kumbi alikuwa ameshapata maua kwingine zamani, hata simu hakupokea. Tajiri akauza kiasi kwa maduka madogo, na yaliyobaki akasema kila mfanyakazi achukue fungu aende nalo nyumbani.

Jumapili iliyofuata Mama Kitalu na mumewe walikwenda kwa mama mkwe. Walimkuta na jirani yake, na katikati ya meza, kwenye jagi la kioo la wageni, fungu kubwa la lisi.

"Mazuri, sivyo?" mama mkwe alikuwa anamwambia jirani. "Ya kijana wangu haya. Ndiyo kazi yake, kule shambani."

Shemeji alikuwa kwenye kochi. Alipowaona aliinuka kidogo, akakaa, akainuka tena. "Shikamoo, kaka. Shemeji, karibu."

Mama Kitalu hakukaa. Alisimama mbele ya lile jagi. Aliyafahamu maua yale mojamoja, karibu angeweza kusema kila moja limetoka trei ipi.

"Mama," alisema, "haya nimeyalima mimi."

Jirani aliteremsha kikombe. Mama mkwe akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa.

"Si ni yaleyale? Wewe na yeye si nyumba moja?"

"Si yaleyale, Mama. Nimeyalima mimi. Yeye alikuwa anazima feni."

Shemeji aliangalia mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvaa mashati yale hakucheka. Mwishowe akasema, taratibu, kwa mama yake: "Ni kweli, Mama. Ni yake."

Mama mkwe aliangalia mtoto mmoja, akaangalia wa pili, akaangalia maua. Kisha akaisogeza sahani ya karanga kuelekea upande wa Mama Kitalu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, zikamwagika mbili tatu mezani.

"Kaa chini basi," alisema. "Umesimama kama umekuja kukata umeme."

Fundi aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mama Kitalu alikuwa bado na hasira, hasira ya kutosha mwaka mwingine mzima. Lakini miguu ilikuwa imechoka. Akavuta kiti.